Je, Wajua? Fedha Pekee Hazileti Ubingwa

Je, wajua kwamba mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, kilimfuta kazi kocha wake wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, na kulazimika kumlipa zaidi ya dola milioni 75 kwa kuvunja mkataba? Chuo hicho kina uwanja unaobeba watu zaidi ya 100,000, na mwaka 2022 kilisajili chipukizi waliosifiwa kuwa bora kuliko wote nchini. Hata hivyo, msimu huo kilishinda mechi 5, kikapoteza 7. Taji la taifa hakijalitwaa tangu 1939.

Wapo watakaosema fedha ndizo zinazoshinda, maana mabingwa kama vyuo vikuu vya Alabama na Georgia navyo ni matajiri. Ni kweli, lakini katika SEC, ligi ya vyuo wanayocheza pamoja na chuo hicho, karibu kila mpinzani ana fedha, na ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwingine. Wote wakiwa nazo, kinachoamua ni malezi ya wachezaji, uthabiti wa benchi la ufundi na busara ya viongozi. Mkataba mnono wa miaka mingi haununui hata kimoja kati ya hivyo. Huwafunga viongozi mikono pale mambo yanapoharibika.