Kweli au Si Kweli: Matangazo Yanayopitia Mlango wa Google

Anayelipa ushuru kupitia iTax, anayetafuta kazi na anayesubiri jibu la chuo, wote hapa Machakos wanategemea baruapepe. Ndiyo maana inauma kuona matangazo ya kamari, sarafu za kidijitali na kazi hewa yakipenyezwa humo kwa jina tunaloliamini. Tupime imani tano.

"Barua iliyotumwa na Google ni salama."
Si kweli. Mtangazaji hutengeneza fomu kwenye Google Forms, akaandika tangazo lake humo, kisha akaijaza kwa anwani yako. Fomu ikiwa imewekwa itume nakala ya majibu, Google yenyewe ndiyo inayokuletea tangazo. Vichujio hukagua seva iliyotuma, na seva hiyo ni halali. Mbinu nyingine ni kukutaja kwenye maoni ya hati ya Google Docs, na taarifa inakufikia papo hapo. Jina la Google linathibitisha njia barua ilimopita. Nia ya aliyeiandika halithibitishi.

"Tukio likiwa kwenye kalenda yangu, nililikubali."
Si kweli. Kalenda ya Google inaweza kupokea mialiko kabla hujajibu, na simu ikakukumbusha "zawadi" usiyoiomba. Ingia kwenye mipangilio, uchague mialiko iingie tu ikiwa mtumaji unamfahamu.

"Kiungo chenye kufuli hakina hila."
Si kweli. Kufuli huonyesha kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamesimbwa. Hata tovuti ya tapeli huweza kuwa nayo. Viungo vilivyofupishwa navyo huficha mwisho wa safari, na baadhi ya viungo vinavyoanza na anwani maarufu hukuelekeza kwingine.

"Nikibonyeza 'jiondoe', matangazo yataisha."
Inategemea. Kampuni inayofuata sheria itakuondoa. Mtumaji usiyemjua atapata uthibitisho kwamba anwani yako inatumika, na huenda akazidisha. Huyo mripoti kama taka, usimjibu.

"Sheria ya Kenya inanilinda."
Kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa yako kabla taarifa zako hazijatumiwa kibiashara, na kanuni za 2021 zinakupa haki ya kukataa matangazo. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hata hivyo, mtumaji aliyejificha ng'ambo ni vigumu kumfikia, hivyo kinga ya kwanza ni wewe mwenyewe.

Wenye saiba, mna nafasi kubwa hapa. Mnapomfungulia mteja akaunti, mrekebishieni kalenda kabla hajaondoka. Mwambieni pia kwamba ujumbe ukidai umetoka iTax au eCitizen, asiguse kiungo chake: aandike anwani ya tovuti mwenyewe, aingie, aangalie kama kweli kuna jambo linalomsubiri.