Gari la urithi: Haki kwanza, chesi pili, rangi mwisho

KATIKA nyua nyingi za Ng'ambo na mashamba ya Unguja lipo gari bovu limeegeshwa chini ya mwembe. Matairi yamekwisha upepo, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na mnunuzi wa chuma chakavu kila akipita huuliza bei. Aghalabu gari hilo ni la marehemu baba. Watoto wakikutana sikukuu, mmoja husema liuzwe, mwingine husema litengenezwe.

Kulitengeneza kunawezekana. Kwa miaka mingi abiria wa Unguja walipanda malori madogo, yakiwemo Bedford ya Uingereza, ambayo maseremala wa hapa waliyajengea bodi za mbao. Bodi ikichoka hujengwa nyingine. Chesi ikioza, gari limekufa.

Hata hivyo, kabla ya kununua kipande cha msasa, familia ijiulize gari ni la nani. Kwa Waislamu, gari la marehemu ni mirathi, sawa na mikarafuu yake. Madeni na wasia vikishatolewa, mjane wa mume aliyeacha watoto ana thumuni, wazazi wa marehemu wakiwa hai wana fungu lao, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili kwa moja la dada yake. Ndugu akitia fedha zake kabla ya mgao, ugomvi utazuka siku gari litakapowaka.

Njia nyepesi ni kulithamini likiwa bado bovu. Anayelitaka awalipe wenzake, au wote waandikiane kila mmoja anatia kiasi gani. Wasipoelewana, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hushughulikia mirathi hapa Zanzibar.

Hapo ndipo mkague chesi. Kutu huhitaji maji na hewa, na chumvi ya bahari huiharakisha. Gongeni kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito au hutoboka. Sehemu chache zinaweza kukatwa na kuchomelewa chuma kipya. Ikiwa imeoza pande zote mbili, uzeni.

Chesi ikiwa nzima, msiwashe injini kwa pupa. Toeni plagi, tieni oili kidogo kwenye silinda, iacheni siku kadhaa, kisha izungusheni kwa mkono. Mipira na mabomba ya breki yabadilishwe yote, hata yale yanayoonekana mazima.

Kazi hii inawafaa vijana wa nyumbani, lakini kwa tahadhari. Gari lisisimamishwe juu ya matofali au mawe ya matumbawe, kwani hupasuka. Tumieni magogo magumu. Tangi la petroli liondolewe kabla ya kuchomelea, na lisichomelewe kamwe hata likiwa tupu, kwa sababu mvuke wake hulipuka.

Rangi ni ya mwisho. Fundi anayepaka pati juu ya kutu anaficha ugonjwa: unyevu hubaki ndani na bati huendelea kuliwa. Kutu ikwanguliwe hadi chuma king'are, kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Wekeni daftari la matumizi na kikomo cha fedha. Ulizeni kwanza bei ya pikapu iliyotumika inayotembea. Gharama zikiikaribia, simameni. Hesabuni pia ukaguzi, leseni ya njia na bima.

Likishatengemaa, lipewe kazi: ndizi na muhogo kwenda Mwanakwerekwe, au mwani wa Paje na Jambiani, unaolimwa kibiashara tangu 1989. Ila mwani mbichi hudondosha maji ya chumvi. Anayeubeba aoshe gari chini kwa maji baridi ya bomba jioni ile ile, la sivyo chesi aliyoiokoa italiwa upya.