Fomu ya mkopo ni mtihani ambao hatuufundishi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa idhini yao nitaongeza kwamba hata daftari likiwapo, iwapo limeandikwa kwa lugha asiyoielewa mwenye mali, hasara ni ileile.

Mwanzoni mwa muhula mmoja alinijia ofisini msichana wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa mashambani huko Kilifi. Alikuwa ameomba mkopo na ufadhili wa serikali, akawekwa katika kiwango cha familia zinazojiweza. Sehemu ya karo ambayo jamaa zake walitakiwa kuilipa ilizidi chumo la mlezi wake la mwaka mzima. Sanduku lake alikuwa amekwisha kulifunga.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Mimi sikudanganya popote."

Nilimwamini. Hata hivyo, tuliketi tukaisoma nakala ya fomu yake swali baada ya swali. Palipoulizwa jina la mama, aliandika jina na nambari ya kitambulisho ya mama yake mdogo, muuza samaki, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Palipoulizwa iwapo mama yu hai, alijibu kwamba yu hai. Palipoulizwa aliyemlipia karo ya shule ya upili, alijibu kwamba ni mzazi, kwa kuwa mama huyo mdogo ndiye aliyekuwa akizipeleka risiti shuleni. Karo yenyewe ilitoka kwa msamaria mwema, na shule ilikuwa ya bweni na ya gharama kubwa. Ukiyaunganisha majibu hayo matatu, unapata picha ya binti mwenye mama awezaye kumsomesha mwanawe katika shule ghali. Ukweli ni kwamba wazazi wake wote wawili walikuwa wamefariki.

Je, alisema uongo? Hasha! Katika Kiswahili, na katika lugha nyingi za Kibantu, dada ya mama ni mama, na ndugu ya baba ni baba. Vivumishi "mdogo" na "mkubwa" hutaja umri tu, wala havipunguzi uzazi. Fomu imeandikwa kwa Kiingereza, nayo inamtaka mama mmoja tu: yule aliyetajwa katika cheti cha kuzaliwa. Binti alisema kweli katika lugha moja, kweli hiyo ikageuka kosa katika lugha nyingine.

Ili kulirekebisha kosa hilo tulihitaji cheti cha kifo cha mama mzazi. Hakikuwapo. Marehemu alifia nyumbani, akazikwa, na hapana aliyefikiria karatasi siku ya msiba. Mama mdogo alianzia kwa naibu wa chifu, akaenda kwa msajili wa vizazi na vifo, akarudishwa, akaenda tena. Zilipita wiki saba. Kwa muda huo wote binti alilala chumbani mwa rafiki, akihudhuria mihadhara bila kujua kama angeruhusiwa kufanya mtihani. Hatimaye rufaa yake ilikubaliwa na kiwango kikabadilishwa. Mwenzake wa kijiji hichohicho, aliyekuwa na tatizo la namna hiyo, hakumwuliza mtu. Alirudi nyumbani, na mpaka leo hajarejea.

Mikopo ya wanafunzi si jambo geni kwetu. Mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu ulianza mwaka 1974. Mwaka 1991 sera ya kugawana gharama iliwabebesha wazazi mzigo mkubwa zaidi, na mwaka 1995 Bunge likaiunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Mwaka 2023 ukaletwa mfumo mpya wa kuwagawa wanafunzi katika viwango kwa kupima uwezo wa familia zao. Mfumo huo ulizusha maandamano, na mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Mjadala huo nawaachia mawakili. Ninalolijua mimi ni kwamba, mfumo uwe huu au ule, mwombaji atajaza fomu, na fomu ile itamhukumu kwa maneno yake mwenyewe.

Kosa la pili linalojirudia ni la majina. Tarakilishi hailijui jina. Inalinganisha herufi tu. Kwetu sisi Mohamed, Mohammed na Muhammad ni jina moja, na Kamau Mwangi ndiye Mwangi Kamau. Kwa mashine hao ni watu mbalimbali. Mwanafunzi mwenye jina moja katika cheti cha kuzaliwa, jingine katika cheti cha mtihani na la tatu katika kitambulisho hujikuta amekwama mlangoni. Dawa ya tatizo hili ni kulinganisha hati mapema, hasa kabla ya kuomba kitambulisho. Iwapo tofauti ni ndogo, aghalabu hati ya kiapo hutosha. Mtu akiwa amebadilisha jina hasa, hana budi kufuata njia ya kisheria, ambayo huishia katika Gazeti Rasmi la Serikali. Vilevile, laini ya simu isajiliwe kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, si la kaka wala la shangazi.

Kosa la tatu limejificha katika neno "mdhamini". Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili: amlipiaye mwingine karo kwa hisani, na ajifungaye kulipa deni mkopaji asipolipa. Nimewaona majirani wakikataa kutia sahihi kwa kudhani wanatakiwa kulipa karo papo hapo. Nimewaona wengine wakitia sahihi kwa furaha, wakidhani ni heshima tu. Wote wawili wamepotoshwa na neno moja. Mkopo si zawadi. Una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na utadaiwa.

Wapo watakaosema kwamba kijana aliyefuzu kuingia chuo kikuu hana udhuru wa kutokielewa Kiingereza. Naam, lakini habari zinazotakiwa si zake peke yake. Ni za mzazi, za marehemu, za mapato ya kibanda cha samaki. Kijana hulazimika kuwa mkalimani baina ya ofisi na nyumbani, kazi ambayo hakuna aliyemfunza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Basi ni haki, wala si hisani, fomu hizi zipatikane kwa Kiswahili pia, zikiwa na maelezo bayana ya nani mzazi, nani mlezi na nani mdhamini.

Kwa walimu wenzangu wa shule za upili nina ombi. Katika somo la Insha tunawafunza wanafunzi barua rasmi, kumbukumbu za mikutano na hotuba. Tuwatengee pia vipindi viwili vya kusoma na kujaza fomu ya mkopo kwenye karatasi tupu. Waulizwe mapema: cheti cha kuzaliwa ki wapi? Majina yanalingana? Aliyefariki ana cheti? Nani alilipa karo, na ushahidi u wapi? Baina ya mtihani wa kidato cha nne na siku ya kuripoti chuoni kuna miezi kadhaa. Cheti kilichochelewa hupatikana katika muda huo, lakini hakipatikani katika wiki ya usajili.

Nanyi wanafunzi, mkiwekwa katika kiwango msichostahili, msifunge sanduku. Ombeni nakala ya fomu mliyoijaza, isomeni pamoja na mtu mzima, tafuteni jibu lililopotoka, kisha kateni rufaa mkiwa na hati mkononi. Kuuliza si ujinga. Yule aliyerudi kijijini hakushindwa na masomo, alishindwa na swali moja ambalo hakuna aliyemfafanulia.