Hashimoto: Virutubisho vya Kumeza na vya Kuacha Dukani

Mtu akishaambiwa ana Hashimoto, haichukui muda kabla hajaletewa mfuko. Dada kaleta unga wa mwani, jirani kaleta seleniamu, na kwa kuwa nywele zimeanza kunyonyoka, mwingine kaleta vidonge vya nywele na kucha. Wote wana nia njema. Sisi wafamasia huwekewa mfuko huo kaunta tukaulizwa: ninywe kipi? Mimi huanza na cha kuacha, nacho mara nyingi ni ule unga wa mwani.

Ugonjwa huu umepewa jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Kinga ya mwili huigeukia tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na polepole tezi hushindwa kutengeneza homoni ya kutosha. Mgonjwa huchoka, huhisi baridi wenzake wakitokwa jasho, hukosa choo, hunenepa. Wanawake hupatwa zaidi sana kuliko wanaume.

Fikra za wengi hukimbilia madini joto, ambayo tezi huyatumia kutengeneza homoni, na wana sababu. Wazee wa Iringa, Mbeya na Rukwa wanayakumbuka marovu yaliyotokana na upungufu wa madini hayo, na chumvi yenye madini joto imeokoa akili za watoto wengi. Ila tezi yenye Hashimoto inashambuliwa, na kuimwagia madini joto hakuzuii shambulio. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Chumvi ya kawaida ya nyumbani iliyowekewa madini hayo huchangia sehemu kubwa, kwa hiyo endelea kuitumia.

Hatari iko kwenye ziada. Tezi yenye afya ikipata madini joto mengi kwa ghafla husitisha kutengeneza homoni kwa muda mfupi, kisha hurudi kazini. Tezi iliyokwisha kujeruhiwa na Hashimoto mara nyingi hairudi, na mgonjwa aliyekuwa na nafuu hujikuta amezidiwa. Mwani hufyonza madini joto kutoka baharini, na kiasi hutofautiana mno kwa aina na mahali ulipoota. Gramu moja tu ya aina fulani za mwani wa kahawia inaweza kupita mahitaji ya siku kadhaa. Nawaheshimu kina mama wa Paje na Jambiani wanaoulima, lakini unga usioandikwa una madini joto kiasi gani simshauri mgonjwa wa thairoidi aumeze.

Seleniamu ina hoja yenye nguvu zaidi. Tezi huitumia kujilinda na kuiandaa homoni ifanye kazi, na majaribio kadhaa ya maikrogramu 200 kwa siku yameonyesha kingamwili zinazoishambulia tezi zikishuka. Tatizo ni kwamba kipimo kushuka kwenye karatasi hakujaonyeshwa wazi kuwa ndiko mgonjwa kupata nafuu. Mahitaji ya siku ni kama maikrogramu 55, na samaki, dagaa na mayai huyachangia vizuri. Ikizidi kwa muda mrefu, kucha hukatika na nywele hunyonyoka, yaani dalili ile ile iliyompeleka mtu dukani. Mwaka 2017 wataalamu wa thairoidi wa Marekani hawakuipendekeza hata kwa wajawazito wenye kingamwili hizo.

Pesa ya virutubisho ningeipeleka kwanza maabara. Madini ya chuma yanahitajika katika kutengeneza homoni ya thairoidi, na mwanamke mwenye hedhi nzito anaweza kuwa ameishiwa akiba akidhani uchovu wake wote ni wa tezi. Vitamini B12 nayo ipimwe, maana kinga inayoishambulia tezi wakati mwingine huishambulia pia tumbo, na vitamini hiyo ikakosa kufyonzwa. Vitamini D ikiwa chini, irudishwe. Kinachoonekana kupungua ndicho kinachoongezwa, kwa kipimo na kwa muda.

Hapo linakuja suala la saa. Levothairoksini, dawa inayojazia homoni ambayo tezi imeshindwa kuitengeneza, humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Kahawa nayo isubiri. Chuma na kalisi huing'ang'ania dawa hiyo tumboni isifyonzwe, kwa hiyo viachane nayo kwa saa 4. Nimeona watu wakiongezewa dozi kila mara, kumbe wanameza vyote kwa funda moja la asubuhi.

Vidonge vya nywele na kucha vina mtego wake. Vingi vina bayotini maikrogramu 5,000 au 10,000, ilhali mwili unahitaji kama 30 tu. Bayotini hiyo haiidhuru tezi, lakini huvuruga mashine nyingi za maabara: TSH, ishara ya ubongo inayoihimiza tezi ifanye kazi, husomeka chini kuliko ilivyo, na homoni za tezi husomeka juu. Daktari akiyaamini majibu hayo, anaweza kumpunguzia dawa mtu aliyekuwa akihitaji nyongeza. Iache bayotini angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na umwambie mtu wa maabara kila unachomeza, hata ulichonunua kwenye duka la vipodozi.