Rabai, kanisa la watoro

Katika vitabu vingi vya shule Rabai hupewa mistari michache tu. Krapf alifika, Rebmann akamfuata, wakauona Kilimanjaro na Mlima Kenya, Wazungu wa London wakabisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kisha somo linahamia kwa Livingstone. Mwanafunzi anafunga daftari akidhani pale mlimani palikuwa na wageni wawili na darubini.

Mji wenyewe ni mdogo. Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi unakunja kulia Mazeras, unapanda kati ya minazi, na kwa kuwa Rabai inasifika kwa mnazi kuliko kwa theolojia, utapishana na wagema kabla hujamwona kasisi. Kanisa la Mtakatifu Paulo liko hapo juu, jengo la mwishoni mwa miaka ya 1880 ambalo Waanglikana wa Dayosisi ya Mombasa wanaendelea kusali ndani yake. Jirani yake pana shule, pana makumbusho yenye jina la Krapf, na pana nyumba kuukuu ambazo wenyeji watakuonyesha, hii ya Krapf, ile ya Rebmann. Msitu wa kaya ya Warabai, yaani makao matakatifu ya mababu zao, hauko mbali. Kaya za Rabai ni miongoni mwa zile za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

Ujirani huo wa kaya na kanisa haukuwa wa bahati. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache tu baadaye, Julai, homa ilimchukua mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Alipopata mwenzake, Johannes Rebmann, mnamo Juni 1846, waliomba ruhusa kwa wazee wa Rabai, na wazee wakakubali. Tarehe 25 Agosti wakahamia. Wote wawili walikuwa na homa na punda alikuwa mmoja, ikabidi wapokezane kupanda. Huo ndio mwanzo wa misheni ya Kiprotestanti katika Kenya ya leo: wagonjwa wawili wanaohitaji hisani ya wazee wa kaya ili wapate mahali pa kulala.

Ibada za kwanza zilihudhuriwa na watu wachache. Krapf mwenyewe ameandika kwamba aliambiwa waziwazi: ukitaka watu waje tena, wape chakula. Yeye aliona huo ni ulafi. Mimi naona wazee walikuwa na hoja. Katika desturi yao watu hawaitwi kikaoni kuzungumzia mambo ya Mulungu halafu wakarudi makwao midomo mikavu, na mwenyeji asiyejua hilo hajajua bado yuko wapi. Hata mavuno ya waumini yalikuwa haba. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu kilema, naye alibatizwa akiwa kitandani anakufa. Baada yake alikuja Abe Gunja na jamaa zake, na kwa miaka mingi orodha ya waumini ingeweza kuenea kwenye ukurasa mmoja.

Krapf hakuwa mtu wa kutulia. Alikwenda Ukambani, akasafiri pwani hadi kusini, akarudi Ulaya, na mwaka 1853 akaondoka Rabai. Rebmann ndiye aliyebaki. Mei 1848 alikuwa ameuona Kilimanjaro, lakini sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia mezani, akikusanya maneno ya Kirabai na ya lugha nyingine, hadi macho yakaanza kufa. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu, akisindikizwa Ulaya na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Mwaka uliofuata akafariki Ujerumani. Karibu miaka thelathini bila likizo, na ushirika mdogo kama familia moja pana. Wakubwa wa misheni waliona ameshindwa.

Walioanza kulijaza kanisa walitoka baharini, tena kwa njia ndefu. Meli za Waingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa ziliwapeleka baadhi ya watoto waliookolewa hadi India, nao wakasomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, si mbali na Bombay. Walijifunza kusoma, useremala, uhunzi, na Kiingereza. Kuanzia miaka ya 1860 wengine walirudishwa Afrika kumsaidia Rebmann. Pwani wakaitwa Wabombei. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873, CMS walianzisha Frere Town, upande wa Kisauni, kuwa makazi ya mateka waliokombolewa. Rabai ikawa dada yake wa bara. George David alihudumu hapo kama katekista hadi alipofariki mwaka 1884, na Jones akaushika mzigo.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Miezi michache baadaye akaondoka Rabai kuelekea Uganda kwa njia ya Umasaini, na Jones akiwa pamoja naye. Walipofika kwa Sundu, Mumias ya leo, askofu alichukua watu hamsini akatangulia, akamwachia Jones waliosalia. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wachache waliosalimika walirudi na habari. Jones alisubiri wiki kadhaa, kisha akageuza msafara na kuuongoza mwendo wote hadi pwani. Februari 1886 walipanda kilima cha Rabai wakiwa na bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, jina lile la Kitabu cha Samweli linalosema utukufu umeondoka. Hannington amepata vitabu na makanisa yenye jina lake. Aliyewarudisha watu nyumbani wakiwa hai anajulikana kwa wachache.

Na ni Jones huyo aliyekuwa Rabai wakati kanisa lilipopata waumini wengi kuliko wakati wowote uliotangulia. Watumwa wa mashamba ya pwani walikuwa wamekwishasikia kwamba huko mlimani kuna watu kama wao wanaoishi bila bwana. Wakatoroka. Walifika usiku, wakajenga vibanda, wakalima, wakaanza kusoma katekisimu. Sheria ya Sultani ilikuwa bado inautambua utumwa, na wamisionari walikwisha kuonywa wasiwapokee watoro. Mwaka 1880 wenye watumwa walitishia kuivamia Frere Town kwa sababu hiyo. Kwa hiyo makao makuu yalikataza, na Rabai ikapokea. Viongozi Waafrika walijua wanachofanya. Mtu aliyeuzwa akiwa mtoto hatarajiwi kumshika mkono mtoro na kumrudisha kwa bwana wake ati kwa sababu sheria imesema.

Siri ya wingi huo wa watoro haikufichika milele. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza kazi Mombasa chini ya George Mackenzie, naye alikuwa na wasiwasi mkubwa, kwa maana kusini, Pangani na kwingineko, watu wa pwani walikuwa wamesimama na silaha dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Wenye mashamba wa Mombasa walidai watumwa wao. Kuwarudisha kungekuwa aibu huko Uingereza, na kuwakatalia kungewasha moto Mombasa. Mackenzie akalipa: dola 25 za wakati ule kwa kila kichwa, kwa watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo jirani. Siku ya mwaka mpya wa 1889 wakagawiwa hati za uhuru. Fidia, kama ilivyo kawaida ya fidia za namna hiyo, ilikwenda kwa mabwana. Aliyelima bila ujira alipata karatasi.

Serikali ya kikoloni yenyewe iliufuta utumwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka kumi na minane baada ya siku ile. Wakati huo watoto wa watoro walikuwa wamekwisha kuwa walimu na wainjilisti, wakisomesha majirani ambao babu zao walimdai Krapf chakula.

Anayetaka kwenda ashuke Mazeras apate matatu au bodaboda. Makumbusho yatamweleza habari za Krapf kwa kirefu. Kuhusu Jones na watoro itambidi aulize, na bora amuulize mzee wa kanisa kuliko kutegemea vibao. Jumapili asiingie na kamera katikati ya ibada, kwa kuwa kanisa lina wenyewe. Na akipita karibu na kaya, asikanyage msituni bila idhini ya wazee. Krapf na Rebmann nao waliomba kwanza.