Hafai Kuigwa na Jamii

Mitihani ikikaribia, pita kwenye stesheneri za Mwanjelwa, Mbeya, au za Miyomboni, Iringa. Utakuta wanafunzi wamejipanga kutoa fotokopi ya vitini vya uhakiki. Kitini chenye soko hakina maneno mengi. Kinataka kumezwa usiku mmoja na kutapikwa asubuhi. Fungua sehemu ya wahusika. Kuna jina, nukta mbili, kisha sifa: ni kijana, ni msomi, ni mlevi, ana mapenzi ya dhati. Mwishoni hukumu inagongwa kama mhuri wa mtendaji wa kijiji: anafaa kuigwa na jamii, au hafai kuigwa na jamii.

Sijui aliyetuaminisha kwamba riwaya huandikwa ili tupate watu wa kuiga. Kwa hiyo tuna orodha ndefu ya wema na wabaya. Tulichokosa ni msomaji anayeweza kueleza kwa nini mhusika fulani, akiwa amebanwa ukutani, alichagua hili akaacha lile. Na kama kuna mahali ambapo mhuri huo haugongeki, ni Nyanda za Juu Kusini.

Tuanze na Joti wa Kilio Chetu, tamthiliya iliyoandaliwa na Medical Aid Foundation na kusomwa na Kidato cha Tatu na cha Nne kwa miaka mingi. Joti ana wasichana kila kona, anaambukizwa virusi, anafariki, anamwacha Suzi na ujauzito na maambukizi. Kitini hakina shida naye: mhuni, hafai kuigwa. Lakini ugomvi mkali wa tamthiliya ile uko kwa watu wazima, wanaobishana kama watoto waelezwe habari za mwili na maradhi au wafichwe. Mama Suzi anaona kusema ni kumharibu mtoto. Huyu si mwanamke mbaya. Anampenda binti yake kiasi cha kushindwa kutamka neno ambalo pengine lingemwokoa. Uhakiki wa mhusika huyu unaanza hapo, kwenye mapenzi yanayoua kwa kunyamaza, na kitini kinampitia kwa mstari mmoja tu: ni mzazi asiyewajibika.

Sasa lete kitabu hicho katika darasa la Makambako au Mafinga, pembeni mwa barabara kuu inayopeleka malori Zambia. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Katika madarasa hayo wapo waliolelewa na bibi tangu hawajajua kutembea. Mtoto anayeandika kwamba Joti hafai kuigwa huenda anaandika habari za baba yake. Anaandika haraka, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu ndilo jibu lenye alama.

Historia ya huku nayo inaugomea mhuri huo. Waketishe Mkwawa na Okonkwo mezani pamoja. Riwaya ya Chinua Achebe ya 1958, Things Fall Apart, ilitafsiriwa na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo mwaka 1973, kwa hiyo mwanafunzi wa Iringa anaweza kuisoma kwa Kiswahili akibahatika kukipata kitabu. Okonkwo anamkata kichwa tarishi wa serikali ya Wazungu, anageuka nyuma na kuona kijiji chake, Umuofia, hakikusimama naye, anakwenda kujinyonga. Jamaa zake hawathubutu hata kumteremsha mtini. Kujiua ni chukizo kwa ardhi. Maiti lazima ishikwe na wageni.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Kwa karibu miaka minne aliwindwa maporini, na Julai 1898, askari wakimkaribia huko Mlambalasi, akajipiga risasi. Uhehe hakuna anayeona aibu kulisimulia hilo. Ndiyo heshima yenyewe.

Kitendo kimoja, hukumu mbili. Anayeuliza nani anafaa kuigwa atapata jibu la Umuofia na jibu la Kalenga na kubaki pale pale. Mimi huwa nauliza kila mmoja alikuwa amebakiwa na nini saa ile. Okonkwo hakuwa amebakiwa na mtu. Dunia aliyoipigania ilikuwa imeshahama, na ubishi wake mwenyewe ulikuwa umechangia kuwafukuza waliobaki. Mwanawe Nwoye alikimbilia misheni zamani. Mkwawa alikuwa na watu. Kulikuwa na rupia 5,000 kwa atakayefanikisha kupatikana kwake, na bado walikuwapo waliompa chakula na kufunga midomo. Okonkwo anakufa kwa sababu jamii imemwacha, Mkwawa anakufa jamii ikiwa bado inamficha na kuumia kwa kumficha. Mmoja anaikimbia hukumu ya watu wake. Mwingine pengine anawapunguzia mzigo, ingawa kwa tabia ya Mkwawa sidhani kama huruma ndiyo iliyotangulia.

Wote wawili miili yao iliangukia kwenye mikono ya Mzungu mwenye hesabu zake. Mkuu wa wilaya wa Achebe anatoka kwenye ule mti akiwaza kwamba Okonkwo atamtosha aya moja katika kitabu anachopanga kuandika. Sajini Merkl aliukuta mwili wa Mkwawa, kichwa kikakatwa, naye akapokea zawadi yake. Fuvu lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954 na Gavana Edward Twining, na liko kwenye makumbusho ya Kalenga, safari fupi kutoka Iringa mjini. Ukisoma ukurasa wa mwisho wa Achebe kisha ukasimama mbele ya kile kisanduku cha kioo, utaona kejeli yake haikutungwa kutoka hewani.

Mugyabuso Mulokozi, mtu wa Kagera, aliipeleka habari ya Mkwawa jukwaani katika Mukwava wa Uhehe mwaka 1979. Lakini mhusika ambaye mimi ningempa usiku mzima jukwaani ni Mpangile, mdogo wake Mkwawa. Mwishoni mwa 1896 ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, yule ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, alimsimika Mpangile awe mtawala badala ya kaka yake. Hazikupita wiki nyingi, Wajerumani wale wale wakamnyonga kwa tuhuma kwamba alikuwa akimsaidia Mkwawa kwa siri. Je, alikuwa msaliti aliyesingiziwa uaminifu, au mwaminifu aliyevaa joho la usaliti? Mpe Mpangile mhuri wowote, utakuwa umemfuta.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa 1969, inasomwa kila mkoa, na kila mahali husomwa kama hadithi ya umoja wa makabila dhidi ya Mjerumani katika Vita vya Maji Maji. Dhamira hiyo imo. Lakini Hussein hakumpa Kinjeketile raha ya kuwa shujaa wa bango. Kinjeketile wake anawataka watu wangoje, hawangoji. Anaanza kushuku ujumbe wenyewe wa Hongo, mzimu uliompa maji, kwani ndani yake kuna ahadi ya kuwa watoto wa Sultani wa Unguja, yaani kumtoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine. Kitunda, kiongozi wa vita, ni mtu wa hesabu, anataka wapiganaji wafundishwe kwanza. Mwishoni, gerezani, Kinjeketile anatakiwa akiri kwamba maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo, naye anakataa, ingawa imani yake mwenyewe imeshatikisika, kwa sababu ya watakaozaliwa kesho na kulihitaji neno hilo. Ni mtu anayelinda kitu ambacho hakiamini tena kwa uhakika. Hapo kitini kinaandika: ni jasiri.

Huku kwetu kuna swali la ziada. Vita hivyo vya Maji Maji vilipopanda milima mwaka 1905, Wabena wa mtawala Mbeyela waliingia vitani na Septemba wakaivamia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Wahehe, miaka saba tu baada ya Mlambalasi, hawakuingia. Watawala wao walisimama upande wa Wajerumani. Kwa hiyo mwanafunzi wa Njombe na mwenzake wa Kalenga wanafungua tamthiliya moja, huku mababu zao wakiwa pande mbili za risasi. Huyu wa Kalenga, ambaye shuleni kwake jina la Mkwawa liko hata kwenye fulana za michezo, anapoambiwa makabila ya kusini yaliungana, anatazama wapi? Mwalimu hodari angemwacha akae na swali hilo. Watu waliopigana tangu 1891, wakaona ngome ikibomolewa na kiongozi akiwindwa kama mnyama, walihesabu nini walipoletewa habari ya maji? Kitunda angewaelewa mara moja.

Walimu nao wasionewe. Mwenye mikondo mitatu, kila mmoja na wanafunzi zaidi ya sitini, hawezi kusahihisha insha za mawazo huru kila wiki, na mtihani unataka hoja zilizopangwa na mifano kutoka kitabuni. Kitini kinamwokoa mwanafunzi ambaye shule yake ina nakala nne za riwaya. Ninachokataa ni kitini kuwa kitabu.

Kwa anayetaka pa kuanzia, ninapendekeza tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds, ambayo shule nyingi zinayo. Furaha amekufa kwa UKIMWI, ameacha barua yenye orodha, na wanaume kadhaa pale kijijini hawalali wakihofia majina yao yatasomwa msibani. Tunarudishwa nyuma kuona rafiki yake Mary alivyomvuta kwenye starehe na nani walikuwa wakimsubiri huko. Orodha inaposomwa haina jina la mwanaume hata mmoja. Ina mambo ambayo yangeweza kumwokoa. Kitini kitakuambia Furaha alikosa msimamo. Lakini mtego wote wa tamthiliya umewekwa kwa waombolezaji, na kwa sisi tunaoketi tukingoja majina kwa hamu ile ile ya umbea.

Igizwe, isisomwe kimya. Haihitaji taa wala pazia: madawati mawili yaliyofunikwa kanga yanatosha kuwa jeneza, na wanafunzi wengine wawe waombolezaji. Msomaji wa barua ageuke kuwatazama wenzake kabla ya kuanza, anyamaze kidogo, kisha mwalimu awaulize waliokaa mbele walikuwa wanangoja kusikia jina la nani.