Kumiliki ndege ndogo Kigali: mambo ya kujua kabla ya kutoa fedha

REBERO, KIGALI – Kutoka kilima cha Rebero, kusini mwa jiji la Kigali, mtu huliona jiji likiwa limetandazwa chini yake, na ndege zinazopaa kutoka uwanja wa Kanombe. Kwa mfanyabiashara ambaye lori lake limekaa kwenye foleni ya Rusumo na mteja wake anapiga simu kutoka Mwanza, ni rahisi kuzitazama ndege hizo na kutamani kuwa na yake.

Tamaa hiyo ina sababu. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kigali hadi Mwanza ni kilomita 310 hivi, hadi Entebbe 340, na hadi Nairobi 750. Ndege ndogo ya injini moja inayokwenda kilomita 200 kwa saa hufika Mwanza au Entebbe kwa muda usiofika saa mbili. Aidha, wafanyabiashara hawajasahau mpaka wa Gatuna, uliofungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022, ambapo malori yalilazimika kuzungukia Kagitumba.

Hata hivyo, ndege ndogo ya binafsi si lori lenye mbawa. Haibebi uzito unaodhaniwa, hairuhusiwi kufanya biashara ya usafirishaji, na haiendi katika kila hali ya hewa. Anayeyajua hayo mapema huokoa fedha zake, na huenda akaokoa maisha yake pia.

Bei ya kununua na bei ya kukaa nayo

Ndege ndogo inayojulikana zaidi duniani ni Cessna 172 ya viti vinne. Imekuwa ikitengenezwa tangu 1956, na zaidi ya 44,000 zimekwisha kutoka kiwandani. Mpya hugharimu zaidi ya dola 400,000 za Marekani. Zilizotumika, nyingine zikiwa za miaka ya 1970, huuzwa kwa bei ya chini sana.

Lakini kama ilivyo kwa lori kuukuu, bei ya kununua ni mwanzo tu. Ndege hulipiwa maegesho, bima, ada za kutua na ukaguzi wa kila mwaka hata kama haikuruka. Gharama hizo hazipungui mwenye ndege anapokaa nyumbani. Mtu anayeruka saa 30 kwa mwaka huzigawa kwa saa 30, na anayeruka saa 200 huzigawa kwa saa 200. Ndiyo maana wamiliki wengi sehemu mbalimbali za dunia hununua kwa ushirika wa watu watatu au wanne, kwa mkataba ulioandikwa unaosema nani anaruka lini na nani analipa nini injini ikiharibika.

Mafuta nayo yanahitaji kuulizwa mapema. Injini nyingi za ndege ndogo hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine. Ndege kubwa hutumia mafuta ya jeti, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa. Ukitia mafuta ya jeti katika injini ya petroli, inaweza kuwaka, ikaipeleka ndege hadi kwenye njia ya kurukia, kisha ikazima wakati wa kupaa. Kwa kuwa petroli hiyo haipatikani katika kila uwanja, mwenye ndege huthibitisha kwa simu kabla ya kuondoka, kisha husimama mwenyewe karibu na tangi wakati wa kujaza. Zipo pia ndege ndogo za injini ya dizeli, kama Diamond DA42, zinazotumia mafuta ya jeti. Hizo hupunguza tatizo la upatikanaji, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Hesabu ya uzito

Barabarani kuna mizani, na lori lililozidisha hukamatwa. Kwa ndege ndogo mizani ni kalamu ya rubani.

Cessna 172 ya toleo la S hairuhusiwi kupaa ikiwa na zaidi ya kilo 1,157. Ukitoa uzito wa ndege yenyewe hubaki kilo 400 hivi kwa ajili ya watu, mizigo na mafuta. Tangi likijaa hubeba lita 200 za kutumika, ambazo ni kilo 144. Zinabaki kilo 256. Watu watatu wa kilo 80 kila mmoja ni kilo 240, na kilichobaki ni kilo 16 za mabegi. Kwa hiyo ndege ya viti vinne yenye tangi lililojaa ni ya watu watatu. Anayetaka kumbeba wa nne lazima apunguze mafuta, na akipunguza mafuta amepunguza masafa.

Kigali huongeza ugumu mwingine. Uwanja wa Kanombe uko karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Asubuhi yenye nyuzi 16, injini na mbawa hufanya kazi kana kwamba uwanja uko mita 1,900 hivi. Mchana wenye nyuzi 28, ni kana kwamba uko mita 2,300. Katika mwinuko huo injini isiyo na turbo hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Dereva aliyewahi kupandisha mlima na lori la namna hiyo anaelewa mara moja.

Njia ya kurukia ya Kanombe ni ndefu, mita 3,500, kwa hiyo kunyanyuka si shida kubwa. Shida huanza baada ya hapo, ndege inapopanda polepole huku vilima vikiwa mbele. Mlima Kigali peke yake una mita 1,850 hivi. Na kwa kuwa ukomo wa kupanda wa Cessna 172 S ni mita 4,270 hivi, Karisimbi yenye mita 4,507 hairukwi kwa juu. Inazungukwa.

Kwa sababu hiyo marubani wa nchi za milima huondoka asubuhi na mapema wakiwa na uzito mdogo. Hawaingii katika bonde linalopanda kwa kasi kuliko ndege yao. Wanapovuka kilele huelekea kwa mshazari, ili wakishindwa wageuke kirahisi kuelekea ardhi ya chini.

Leseni hairuhusu nauli

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), leseni ya rubani wa binafsi huhitaji umri wa miaka 17, cheti cha afya, mitihani na angalau saa 40 za kuruka. Nchini Rwanda msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (RCAA), na ndege zilizosajiliwa huko huanza na herufi 9XR. Za Kenya huanza na 5Y, Tanzania 5H na Uganda 5X. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, unaooanisha kanuni za nchi wanachama.

Jambo linalowagusa zaidi wafanyabiashara ni hili: mwenye leseni ya binafsi haruhusiwi kulipwa. Anaweza kwenda kumwona mteja wake au kusafiri na familia yake. Akichukua nauli ya abiria au malipo ya kusafirisha vipuri vya mtu mwingine, amevunja sheria. Ajali ikitokea katika safari kama hiyo, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na familia za waliofariki zitamdai mwenye ndege. Anayetaka kuuza usafiri anahitaji rubani mwenye leseni ya biashara na kampuni yenye cheti cha kuendesha usafiri wa anga. Hiyo ni biashara nyingine kabisa.

Kuvuka mpaka

Angani pia kuna forodha na uhamiaji. Safari ya kutoka nchi moja hadi nyingine huhitaji mpango wa safari uliowasilishwa, kibali cha nchi inayoingiwa pale kinapotakiwa, na kutua kwanza katika uwanja wenye forodha na uhamiaji, kama Entebbe, au Wilson jijini Nairobi. Kifungu cha 29 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinataja hati za kubeba ndani ya ndege: cheti cha usajili, cheti cha ubora wa kuruka, leseni za marubani, daftari la safari, leseni ya redio, orodha ya abiria na orodha ya mizigo.

Siasa nayo hufika angani. Februari 2025 Kongo ilizuia ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita katika anga yake. Kwa hiyo matangazo ya anga husomwa siku ya safari, wala si wiki moja kabla.

Mawingu, milima na ziwa

Rubani asiye na idhini ya kuruka kwa vyombo lazima aone ardhi na upeo wa macho. Akiingia katika wingu, masikio humdanganya. Huhisi yuko sawa kumbe ndege imeinama. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo hayo. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hizo hazifiki dakika tatu.

Milima ya Afrika Mashariki haisamehe kosa hilo. Juni 5, 2018, ndege aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare na watu wote 10 wakafa. Rwanda ina mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba, na radi nyingi huja mchana. Ziwa Victoria huwa kinyume: dhoruba zake hupenda usiku na alfajiri. Anayevuka ziwa kwa injini moja huvaa jaketi la kuokoa maisha kabla ya kupaa, kwa sababu baada ya injini kuzima hakuna nafasi ya kulivaa.

Hatari nyingine ni kugongana. Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana karibu na Nairobi. Dash 8 ilirudi salama, lakini wawili waliokuwa katika Cessna walifariki. Hata tai anatosha kuangusha ndege: Januari 10, 1959, mtafiti Michael Grzimek alikufa katika eneo la Serengeti na Ngorongoro baada ya ndege yake kugongana na tai.

Mwenye mali na dereva ni mtu mmoja

Injini za aina hii hukaguliwa kila saa 100, na nyingi hufumuliwa zikifikisha saa 2,000. Kila asubuhi rubani hukinga mafuta kidogo kutoka kwenye matangi kuangalia kama kuna maji, na huhakikisha kifaa cha ishara ya dharura cha masafa ya 406 MHz kinafanya kazi. Hayo yote hufundishika.

Gumu zaidi ni kusema hapana. Katika biashara ya malori, tajiri husukuma na dereva anaweza kukataa kwa kuwa breki ni mbovu. Katika ndege ya binafsi tajiri ndiye dereva. Mteja anasubiri, mkataba unakwisha leo, wingu limekaa juu ya vilima, na hakuna mtu wa kumzuia.

Dawa yake ni kuandika masharti mapema, akili ikiwa imetulia: mwisho wa kuondoka ni saa ngapi, mawingu yakiwa chini kiasi gani hakuna safari, na mafuta ya akiba ni ya saa moja kamili. Vilevile, katika bajeti ya kila mwaka iwepo fedha ya tiketi za ndege za abiria na ya gari, kwa siku ambazo ndege yake haitaruka. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Asiyeweza kutenga fedha hiyo bado hajaweza kumiliki ndege, hata kama bei ya kuinunua anayo mfukoni.